Fidla Chache, Wapigaji Wengi

Kwaya niliyokulia ilikuwa na kabati la mbao nyuma ya kinanda, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa mwalimu. Nota zote zililala humo. Sisi waimbaji tulipewa maneno tu. Kila mtu aliyanakili kwenye daftari lake, kisha mwalimu akatuimbisha sauti moja baada ya nyingine mpaka zikashika. Kusoma solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi za do, re, mi, alijua yeye peke yake. Ukimwuliza ile "s" yenye kialama chini yake inataka nini, anakujibu, "Wewe imba tu, nitakuonyesha." Alikuwa mwalimu hodari. Mtu mmoja wa alto akishuka kidogo katikati ya watu arobaini, alimtaja kwa jina bila hata kugeuka. Halafu akapata uhamisho wa kikazi, na ufunguo ukaenda naye. Tulipokuja kulivunja lile kabati, mchwa walikuwa wametutangulia, na zile karatasi chache zilizopona hazikuwa na wa kuzisoma. Mwaka mzima tukaimba nyimbo sita zilezile, mpaka watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na niliumia, maana kwaya ile niliipenda kuliko shule.

Nimeanza na kabati hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nimpende mtu ambaye sijawahi kuonana naye. Anaitwa Armand Diangienda, mwanzilishi na mwongozaji wa Okestra ya Simfonia ya Kimbangu, Kinshasa. Habari zake nilizipata miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa kwaya mimi mwenyewe, hapa Kigoma. Aliyenionyesha ni kaka mmoja wa besi, mzaliwa wa Lubumbashi. Baada ya mazoezi ya Alhamisi alinivuta pembeni, akanipa simu yake niangalie: ukumbi umejaa, wanawake kwa wanaume wamekaa na fidla, nyuma yao matarumbeta, nyuma zaidi kwaya kubwa, na mbele yao mtu mnene kiasi, mtulivu, anapandisha mkono polepole kama anayeinua ndoo ya maji asitake imwagike. Kaka yule akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, ule nkambo yake alikufiaka kwetu, mu buloko ya Lubumbashi."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze, tukachelewa kurudi nyumbani.

Nkambo ni babu, na buloko ni gereza. Babu yake Armand Diangienda ni Simon Kimbangu, yule mhubiri wa Nkamba, Kongo ya Chini, aliyeanza kuhubiri na kuombea wagonjwa Aprili 1921. Watu waliacha mashamba na kazi za Wazungu wakamfuata kwa maelfu. Wabelgiji hawakuvumilia hata mwaka: Septemba mwaka huohuo alikuwa mikononi mwao, na mahakama ya kijeshi ikamhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert alibadilisha adhabu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, akapelekwa upande wa pili wa nchi, Elisabethville, ambako leo ndiko Lubumbashi. Alikaa gerezani miaka 30, akafia huko tarehe 12 Oktoba 1951. Mji ule ni wa Waswahili. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa katika Kikongo alizeeka na kufa akisikia Kiswahili nje ya ukuta wa gereza. Jambo hili bado linanigusa kila nikilikumbuka.

Kanisa lililotoka kwake lilitambuliwa na serikali ya kikoloni Desemba 1959, likiongozwa na mwanawe mdogo, Joseph Diangienda, ambaye ndiye baba yake Armand. Ni kanisa la muziki. Wana bendi za matarumbeta, vikundi vya filimbi, kwaya juu ya kwaya. Hata sadaka yao kubwa, inayoitwa nsinsani, huendeshwa kwa makundi kushindana kutoa huku bendi zikipiga. Nyimbo zao nyingi wanaamini hazikutungwa bali zilishushwa: mtu anazisikia ndotoni au katika maono, anaziandika, zinapelekwa kanisani. Mimi ni wa kanisa jingine, lakini naielewa heshima hiyo. Nami nimeshaamka usiku nikiwa na wimbo ambao sikumbuki kuutunga.

Armand mwenyewe alikuwa rubani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndege ya shirika alilofanyia kazi ilianguka, shirika likafa, naye akabaki bila kazi. Mwaka 1992 baba yake akafariki. Kinshasa ya wakati huo ilikuwa imeshavunjika. Septemba 1991 askari wasiolipwa waliingia mitaani kupora. Januari 1993 wakarudia, safari hiyo baada ya kulipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5 ambayo wafanyabiashara waliikataa. Maduka yalibebwa hadi fremu za milango. Sasa katika mji huo, mwaka 1994, mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha muziki anatangaza kwamba anaanzisha okestra ya simfonia.

Alikuwa na nini? Alijua kupiga piano kwa kusikiliza. Kusoma nota alijifundisha. Tromboni, gitaa na chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, vyote alijifundisha. Watu waliojitokeza walikuwa waumini wenzake, mafundi na wachuuzi na vijana wasio na ajira, wengi wao hawajawahi kushika fidla maishani. Na fidla zenyewe zilikuwa chache kuliko watu. Wakapokezana. Mmoja anapiga muda wake, wengine wamekaa wanamtazama vidole, muda ukiisha anampa wa pili. Nimekaa nikafikiria sana hali hiyo, maana nafundisha na najua kinachotokea kwa mtu anayesubiri zamu. Mtu mwenye chombo chake anaweza kupiga vibaya saa nzima bila kujua. Anayesubiri, akijua kwamba atapata dakika chache tu, anaangalia kila kosa la mwenzake kama mtu anayeangalia njia atakayopita usiku.

Nyuzi zilipokatika hakukuwa na duka la kununua nyingine, wakatumia waya wa breki za baiskeli. Jambo hili watu hulisimulia kama kichekesho, nami halikunifurahisha kulisikia likisimuliwa hivyo. Nikataka nilione kwa macho yangu. Nilikwenda kwa fundi baiskeli wa pale sokoni, nikanunua waya mmoja wa breki, nikaufumua kwa koleo juu ya meza yangu. Ukiutazama unaona ni kitu kimoja, kumbe ni nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Uzi mmoja ukiutoa na kuunyoosha, wembamba wake unakaribiana na ule uzi wa juu kabisa wa fidla, ambao nao ni chuma kitupu. Zinazofuata ni nene na huwa zimezungushiwa waya mwingine, kwa hiyo kuziiga ni kazi. Niliufunga ule uzi wangu kwenye gitaa la kanisa, nikaukaza taratibu. Ulilalamika, ukateleza mara mbili, kisha ukashika. Sauti yake ilikuwa kavu, haina nyama, lakini nota ilikuwa pale. Vidole viliniuma siku mbili, na hiyo ni kwa kupiga robo saa. Wale walipiga hivyo mfululizo.

Fidla chache unaweza kupokezana, lakini ile besi kubwa inayopigwa mtu akiwa amesimama utaipata wapi? Meneja wa okestra, Albert Nlandu Matubanza, alianza kuziunda mwenyewe kwa mbao. Kwa nilivyoona kwenye filamu ya Wajerumani iliyotoka 2010 kuhusu okestra hii, anafanya kazi kama seremala wa mtaani: randa, gundi, jicho. Halafu chombo kinaingia kwenye okestra na kinapiga Beethoven.

Nirudi kwa Diangienda, maana ndiye ninayemfuata hapa. Watu wakimwona mwongozaji jukwaani hudhani kazi yake ni ile mikono. Mikono ni sehemu ndogo. Kwaya yangu ina sauti nne, na nota zake nazisoma mistari minne kwa pamoja, na bado kuna siku nampoteza tenor. Karatasi ya mwongozaji wa okestra ina mistari kumi na tano, ishirini, yote inakwenda kwa wakati mmoja. Na haisomeki kwa namna moja. Viola, ndugu mkubwa wa fidla, ina alama yake ya mwanzo, tofauti na ya fidla. Baragumu, lile la shaba lililoviringwa, linaandikiwa nota moja na linatoa nyingine, ya tano kushuka ukianza kuhesabu na ile iliyoandikwa. Mtu aliyezoea kupiga kwa kusikiliza anapofika hapo anaweza kurudi nyumbani akalia. Diangienda ilibidi alijue hilo la baragumu leo, ili kesho yake amweleze kijana aliyepewa baragumu. Waliojua kidogo wakawafundisha wasiojua kabisa, na waliofundishwa wakageuka walimu wa kundi lililofuata. Chuo chao ndicho hicho.

Hapo ndipo ninapoliona lile kabati letu. Mwalimu wangu wa zamani hakuwa mtu mbaya, na kwa ujuzi wa nota huenda alimzidi Diangienda yule wa 1994. Tofauti ni kwamba yeye aliuona ujuzi kama akiba, ukiigawa inapungua. Tabia hii imeenea kwenye kwaya zetu na naomba tuiseme wazi: walimu wanaozuia nota zisipigwe picha, wanaofuta ubao kabla waimbaji hawajanakili, wasiotaka kijana ajue kuongoza kwa hofu kwamba atawapindua. Wengine wanakwambia hawafundishi kwa sababu wao wenyewe hawajaiva. Hili la pili niliwahi kulisema mimi. Nilimaliza miaka minane nikisubiri kuiva, nikiwa na daftari tatu za mazoezi ya solfa ambazo sikumwonyesha mtu. Kumbe yule rubani aliyepoteza kazi alikuwa anafundisha kitu alichokielewa wiki iliyopita, na watu walikielewa.

Mazoezi yao yalifanyika karibu kila siku, jioni, baada ya kazi. Wapo waliotoka moja kwa moja sokoni wakiwa na uchovu wa kusimama kutwa. Wapo waliotembea mwendo mrefu kwenda na kurudi kwa sababu nauli haikuwepo. Hawakulipwa. Katika miaka hiyo Mobutu alianguka, Mei 1997. Mwaka uliofuata vita vikaanza upya na havikwisha rasmi mpaka 2003. Okestra ikaendelea. Nikisikia kwaya inavunjika kwa sababu ya ugomvi wa sare, nawakumbuka.

Baada ya muda wakaichukua Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Kwa msomaji asiyeifahamu: inachukua zaidi ya saa moja, ina sehemu nne, na kwaya inakaa kimya sehemu tatu zote, inaingia mwishoni tu, ikiwa na waimbaji wanne wa pekee mbele yake. Kuna mahali sauti ya kwanza inapanda kwenye nota ya juu ya "la" na kuachwa pale, inashikilia, inashikilia, huku okestra inachemka chini yake. Mwalimu yeyote wa kwaya akiona ukurasa ule anahesabu kimya kimya ni wanawake wangapi alio nao watakaofika salama. Kisha maneno ni ya Kijerumani. Waimbaji wa Kinshasa, waliozaliwa katika Kikongo na Lingala, wakasoma Kifaransa, walikaa wakajifunza ile "ü" ambayo lazima ukunje midomo kama unayezima mshumaa huku ulimi ukibaki kwenye "i". Waimbaji wawili wa opera walitoka Ujerumani kuja kuwanoa. Nimewahi kufundisha kwaya yangu wimbo mmoja wa Kilatini wa dakika tatu, ukatuchukua miezi miwili.

Katika ile filamu umeme unakatika wakati sehemu ya mwisho ya simfonia hiyo inakaribia. Giza totoro. Yupo mpigaji wao wa viola ambaye kazi yake ya kila siku ni ufundi umeme, naye ndiye mwenye mzigo wa taa. Diangienda hapigi kelele wala hapigi ubao kwa kijiti. Anangoja. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kumtazama yeye tu, na ninachokiona ni mtu ambaye hana shaka kwamba muziki uko palepale kwenye giza na watu wake wako pamoja nao.

Wapo watakaouliza kwa nini Beethoven, kwa nini si rumba, Kinshasa ndiyo mama wa rumba. Swali nimeulizwa na mimi kuhusu nyimbo za sauti nne. Jibu langu ni fupi. "Haleluya" ya Handel kwaya zetu zimeiimba kwa Kiswahili vizazi kadhaa sasa, Krismasi na Pasaka, na hakuna bibi kizee aliyewahi kusimama akasema hiyo si yetu. Na Diangienda mwenyewe anatunga; okestra yake hupiga muziki wake na nyimbo za kanisa lao pamoja na za Wazungu. Mtu akishajua kusoma nota, hakuna anayeweza kumwambia apige nini.

Beethoven alipomaliza simfonia ile alikuwa kiziwi. Siku ya kwanza ilipopigwa, Vienna, tarehe 7 Mei 1824, alisimama jukwaani na hakusikia chochote. Wanasimulia kwamba mwimbaji mmoja ilibidi amgeuze ili aone watu wanavyopiga makofi. Waliokuwa wamemwagiza simfonia hiyo walikuwa jumuiya ya wanamuziki ya London, Philharmonic Society, iliyoanzishwa 1813. Walikubali kumlipa pauni 50. Jumuiya hiyo bado ipo, sasa inaitwa Royal Philharmonic Society, na mwaka 2013 ilimpa Armand Diangienda uanachama wa heshima. Mwaka uliofuata akavuka na okestra yake kwenda kupiga Uingereza. Nilipomsomea kaka yule wa besi habari hizo alikaa kimya kidogo, akasema, "Na nkambo yake walimufunga juu ya nyimbo na maombi." Sikuwa na cha kuongeza.

Mimi sina okestra. Nina kinanda kimoja cha umeme ambacho funguo yake moja, fa ya katikati, haitoi sauti mpaka uigandamize kwa nguvu, na nina wanafunzi wanane, mkubwa ana miaka kumi na tisa, mdogo ana kumi na moja. Mwaka jana niliamua kwamba daftari zangu tatu zitakaa mezani, wazi, na anayetaka apige picha. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana. Kila mmoja ana dakika ishirini kwenye kinanda, simu inahesabu. Wanaosubiri nimewachorea vinanda vya karatasi: nilikata boksi la mafuta ya kula, nikapima upana wa funguo kwa rula kwenye kinanda chenyewe, nikazichora kwa kalamu nene, nyeupe na nyeusi, oktavu tatu. Wanaweka boksi kwenye mapaja au kwenye benchi na kufuata vidole vya aliye kwenye zamu. Binti mmoja, aliyejua solfa tangu Februari tu, sasa ndiye anayewaanzishia wapya. Huwa nasikia anawafundisha jambo ambalo mimi ningelieleza vizuri zaidi, na najizuia nisiingilie.

Jumamosi iliyopita aliyekuwa kwenye kinanda alimaliza muda wake, akawa anakusanya karatasi, chumba kikatulia. Yule mdogo wa miaka kumi na moja hakugundua. Alikuwa kwenye kona na boksi lake, kichwa kimeinama, vidole vinakwenda kwenye mstari wa wimbo wa kipaimara tunaouandaa. Akafika mahali ambapo mkono wa kushoto unatakiwa kupanda. Kidole chake cha nne kikatua kwenye katoni, na papo hapo akakunja uso, akavuta pumzi kwa meno kama mtu aliyejikwaa. Akainua mkono, akarudi nyuma mapigo mawili, akaanza tena.